Mkunga wa Kwa Etyang

Akisikia jina la mji wetu likiitwa barabarani, Mkunga alikuwa anaacha alichoshika. Kama ni ungo, unawekwa chini. Kama ni kisu cha kumenyea viazi, kinawekwa kando, halafu anageuza shingo kuelekea barabara ya kwenda Malaba na kutazama. Vijana wa boda hawakuwa na habari. Wao walikuwa wanatafuta abiria tu: "Kwa Etyang! Mmoja wa Kwa Etyang!" Na yule mama mzee, kwenye uwanja wake uliofagiliwa ukafagilika, anatazama njia mpaka vumbi litulie, kisha anarudia viazi vyake. Siku moja nilikaa naye asubuhi nzima, akageuka mara tisa. Sikuweza kumaliza chai niliyopewa.

Etyang alikuwa mwanawe. Na aliyeandika jina lake kwenye kibao cha mji ni mimi. Nalisema mapema ili usije ukanipenda halafu ukajuta.

Tulimzika Mkunga mwaka huu, mvua za kwanza zilipoanza. Alizaliwa lini sijui, na yeye mwenyewe akiulizwa alikuwa anajibu, "Mimi ndio huuliza watu wamezaliwa lini. Mimi siulizwangi." Jina lake pia silitaji. Nyumba ile imeshatoa jina moja na imetosha. Sote tulimwita Mkunga, chifu pamoja na padri. Mimi ni Mluhya wa Matayos, nilikuja huku kutafuta riziki, na kwetu nyanya tunamwita kukhu. Yeye alikuwa Mteso, wana neno lao, lakini nikimwita kukhu aliitika bila ubishi. Mimi aliniita Rangi, kwa ajili ya kazi yangu.

"Rangi, bado hujaoa? Utapaka kuta za watu mpaka lini?"

Kazi yangu ni kuandika. Naandika majina ya maduka, ya vinyozi, ya hoteli za chapati, na maneno ya Biblia kwenye vikinga-tope vya pikipiki. Naandika pia misalaba ya makaburi, na hiyo ndiyo kazi isiyokosekana hata msimu wa njaa. Ubao mweupe, herufi nyeusi: jina, siku ya kuzaliwa, siku ya kufa. Kumbuka hiyo nyeupe na nyeusi, maana ndiyo iliyoniponza.

Kitu cha kwanza mtu alichoona kwa Mkunga ni mikono. Ilikuwa mikubwa kuliko mwili wake, na safi kiasi cha kutia aibu. Alikuwa ananawa kwa maji moto na sabuni ya kipande mpaka kwenye kiwiko, na ukimletea habari yoyote, hata ya msiba, neno lake la kwanza lilikuwa, "Kwanza maji moto, hayo mengine baadaye." Nilimletea siku moja kijana aliyejikata kidole na msumeno. Damu inatiririka, kijana analia, na Mkunga anauliza kuni ziko wapi. Nilitaka kumfokea. Kidole kilipona vizuri na kijana bado anapiga randa hapo steji ya boda.

Serikali ilipokataza akina mama kuzalia nyumbani, alikubali mbele ya nesi kwa kichwa chote. Kuanzia hapo aliwapeleka zahanati mwenyewe, boda moja, mama katikati, yeye nyuma amemkumbatia kiunoni. Getini alikuwa anapaza sauti, "Nesi! Nimekuletea mgeni!" Lakini wako watoto ambao hawakungoja boda, na hao walitokea mikononi mwake kwa utulivu uleule. Nesi akimuuliza, anasema mtoto alikuja mwenyewe, yeye alikuwa anapita tu.

Dhahabu ilipopatikana hapa walikuja watu wa kila aina, na wake zao wakazaa kama kawaida. Mmoja alikuwa broka, dalali wa dhahabu kutoka upande wa pili wa mpaka, viatu vimechongoka, shati la hariri. Mkewe alijifungua salama. Broka akataka kuonyesha ukubwa, akatoa karatasi iliyokunjwa, akamwekea Mkunga mkononi chembe ya dhahabu kama punje ya mtama. Mkunga akaitazama.

"Hii inalika?"

"Mama, hiyo ni dhahabu."

"Kuku ndio wanakula mawe," akasema, na akairusha uwanjani.

Haki ya Mungu, kuku walikimbilia. Asubuhi yote tulimtazama broka mzima akifukuza kuku kwenye matope, anawashika mmoja mmoja, anawapapasa shingo. Mwishowe akamshuku mmoja mwekundu, akaomba auziwe. Mkunga akakataa. Alisema yule anataga. Alipokea sabuni mbili na kilo ya sukari, ambayo ndiyo ilikuwa bei yake siku zote, na akamwambia broka asalimie wa kwao. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka. Wakati ule alikuwa ameshaacha kucheka, na sababu nitaisema.

Lakini kwanza hii kazi yake ya majina, kwa sababu bila kuijua hutaelewa kitu.

Mkunga hakuzalisha tu, alipa watoto majina. Ilifanywa hivi. Mtoto anapakatwa, chungu kidogo cha ajono, pombe yetu ya wimbi, kinawekwa karibu. Mkunga anachovya kidole, anakigusisha kwenye midomo ya mtoto, na anataja jina la mtu wa ukoo ule aliyekufa. Mtoto akigeuza uso, jina hilo limekataliwa. Anachovya tena, anataja lingine. Jina ambalo mtoto atanyonya kidole ndilo lake, na watu wanapiga vigelegele, na yule aliyekufa amepata pa kukaa. Inaweza kuchukua dakika mbili, inaweza kuchukua asubuhi nzima. Wababa wakianza kutazama simu zao, Mkunga aliwakaripia, "Mtoto hana haraka. Ni nyinyi mko na haraka."

Na alikuwa na sharti moja ambalo hakulivunja kwa ajili ya mtu yeyote. Hataji jina la mtu asiye na kaburi. Kama hujui amelala wapi, utamwitaje kwenye ulimi wa mtoto? Pengine yuko njiani anarudi, na wewe umeshampa mwingine nafasi yake.

Sasa habari ya mji.

Leo ukimuuliza mtu wa hapa jina hili limetoka wapi, utapewa hadithi ukipenda. Nimemsikia mhubiri akisema Etyang alikuwa tajiri wa zamani aliyeota ndoto ya dhahabu. Kinyozi wangu anasema alikuwa mpishi wa Mzungu. Mwalimu mmoja, tena mwenye diploma, aliwaambia watoto darasani ni neno la kale la kuitia dhahabu. Jameni! Nilikuwa nje napaka ukuta wa darasa lake, nikaiacha brashi ikauka.

Mji huu ulianzia chooni. Jirani yake Mkunga alikuwa anachimba choo, akakutana na jiwe jeupe lenye michirizi, akalitupa. Likaonwa na mgeni mmoja aliyewahi kufanya kazi ya migodi kule Migori. Kabla mahindi hayajatoa mbelewele, shamba lile lilikuwa limejaa turubai. Walikuja watu wa Kakamega wanaojua mawe, wakaja wa Uganda wanaojua kuosha mchanga, wakaja wa Khunyangu na wa Budalang'i ambao mafuriko yalikuwa yamewafukuza makwao, wanajua tu kufanya kazi. Mahali pakahitaji jina, na la kwanza lilikuwa Chooni. "Uko wapi?" "Niko Chooni." Vijana wakaona aibu kuwaambia wasichana hivyo, wakapaita Dubai. Wale wa Migori walipaita Joburg. Ningeweza kujua mtu amekuja lini kwa kumsikiliza tu anapaitaje.

Etyang alikuwa miongoni mwa wa kwanza kushuka shimoni. Kijana mrefu, anainama mlangoni kwa kila mtu, na akicheka mnacheka wote hata kabla hamjajua ni nini. Yeye alikuwa anamwita mama yake Toto, neno ambalo kwa Kiteso ni mama. Hapiti uwanjani bila kumtania: "Toto, leo umezaa wangapi?" Na Mkunga, yule mkali, anamrushia gunzi la mahindi huku anacheka. Nimeuona huo mchezo mara nyingi. Etyang alitaka kumwezekea mama yake nyumba kwa mabati, kwa sababu nyasi zilikuwa zinavuja juu ya kitanda cha akina mama wanaojifungua. Hiyo ndiyo dhahabu aliyokuwa anatafuta. Mabati ya nyumba moja.

Mvua ikanyesha siku mbili. Siku ya tatu jua likatoka, wakashuka watatu, na shimo likajifunga. Wawili walitolewa wazima kabla ya saa sita, wamejaa matope, yanaonekana macho na meno tu. Etyang hakutoka.

Tulichimba. Wote, wa Chooni, wa Dubai, wa Joburg, biashara zikafungwa. Tulichimba shimo la pili pembeni, ili tumfikie kwa ubavu. Akina mama walipika na kubeba masufuria, na wakiulizwa njiani wanakwenda wapi, walisema, "Kwa Etyang." Wenye sururu wakiulizwa, "Kwa Etyang." Mtu akipiga simu kutoka Busia, anaambiwa, "Shukia hapo kwa kina Etyang, utaona watu." Jina la mji lilizaliwa hivyo, wiki ile, midomoni mwa watu waliokwenda kumtafuta mtu. Lilikuwa jina zuri. Kama yangeishia hapo ningelipenda mimi pia.

Mimi nilikuwa juu, navuta kamba. Mkunga alikuwa amekaa juu ya beseni lililofudikizwa, hatua chache kutoka kwangu, mikono mapajani. Hakulia. Alitazama kila ndoo iliyotoka, moja moja, bila kukosa. Siku ya nne, mchana, ndoo zikabadilika. Badala ya udongo mwekundu zikaanza kuja na mawe, meupe, yenye michirizi. Walioko chini, wakimchimbia Etyang kwa ubavu, walikuwa wamegonga mshipa wa dhahabu.

Ndoo ya kwanza ya mawe nilimwaga mahali pa udongo. Ya pili kuna mkono uliniongoza, nikamwaga kando. Siku ya tano ndoo zote zilimwagwa kando. Tulikuwa bado tunasema tunamtafuta Etyang, tulisema kwa sauti, lakini shimo lilikuwa limeshapinda, linafuata mshipa, linaelekea upande mwingine kabisa. Nilijua. Mikono yangu ilijua kwa uzito wa ndoo. Na Mkunga alijua kabla yangu, kwa sababu kazi yake ya maisha yote ilikuwa kutazama kinachotoka.

Siku ya sita alisimama, akachukua beseni lake.

"Mmechoka," akatuambia. "Semeni tu mmechoka."

Mwenye shimo akasema udongo ni hatari, akaamuru shimo la kwanza lifukiwe. Lile la pembeni likaachwa wazi.

Wazee wakaenda kwake. Walisema mtu asipopatikana, kuna watu wa huku huzika shina la mgomba mahali pake, roho ikatulia, matanga yakaisha. Walisema kwa upole, hawakuwa na ubaya. Akawapa viti, akawapa ajono, wakanywa kwa mirija. Walipomaliza akawajibu.

"Mwanangu si mgomba."

Basi. Etyang akabaki bila kaburi.

Hapa ndipo penye ugumu wa kumweleza mama huyu. Alikataa katakata kwamba mwanawe amekufa, na bado kila alipopika ajono alichukua kibuyu cha kwanza, akaenda mwenyewe mpaka pale palipofukiwa, akamimina. Nikamuuliza, kukhu, si umesema hajafa? Akanitazama kama nimeuliza jambo la kijinga. "Kwani mtu mzima hapati kiu?" Aliwalaani wachimbaji mbele yao, wezi wakubwa nyinyi, na mmoja akivunjika mguu alikuwa wa kwanza kufika na vijiti na kitambaa. Ulevi aliuchukia, na pombe yake ndiyo iliyokuwa tamu kuliko zote kutoka Adungosi mpaka mtoni. Nyumba yake aliiacha na nyasi zilezile. Waliotajirika kwa mshipa ule walichanga, wakaleta mabati kwa pikapu. Akayarudisha. Alisema kuna mtu ameshaahidi kuleta.

Baadaye binti yake, dada wa Etyang, akajifungua mtoto wa kiume. Nilikuwepo siku ya jina kwa sababu nilikuwa nimealikwa kunywa. Mkunga akachovya kidole, akataja babu. Mtoto akageuza uso. Akataja baba wa babu. Akataja ndugu wa babu, akataja majina ambayo hata wazee waliinua vichwa kuyakumbuka. Mtoto anageuza tu, analia. Chumba kizima kilikuwa kinangoja jina moja. Dada yake Etyang alikuwa analia kimya, anamtazama mama yake, na midomo yake ililitaja bila sauti. Lingetoka, mtoto angenyonya. Naapa angenyonya.

Mkunga akapangusa kidole kwenye leso. "Kesho," akasema.

Kesho haikuja. Mtoto anaitwa kwa jina la ubatizo peke yake, wa kwanza katika ukoo ule. Ndiyo maana nasema jina hili kwa Mkunga halikuwa jambo la hisia tu. Alikuwa analiweka. Alikuwa analitunza safi kama mikono yake, ama Etyang arudi alikute, ama siku moja apatikane, azikwe, mjukuu apewe.

Halafu sisi tukalichukua.

Mji ulikua. Likaja soko, kukahitajika jina rasmi. Chifu akaitisha baraza kwenye banda jipya la mboga. Kulikuwa na makelele, kila mtu na jina lake, lakini watu walikuwa wameshazoea Kwa Etyang, na ilionekana wazi linapita. Mkunga akasimama.

"Iteni Chooni," akasema. Watu wakacheka. Yeye akangoja wamalize. "Iteni Chooni, iteni Dubai, iteni chenye mnataka. Nyinyi mko na majina mingi. Mimi niko na moja. Mnirudishie jina ya mtoto yangu."

Chifu akakohoa. "Mama, hiyo ni heshima tunampatia. Jina lake litaishi."

"Mimi sijasema amekufa."

Chifu akasema litaangaliwa. Unajua maana ya litaangaliwa.

Wiki mbili baadaye wakaniletea kazi. Kibao cha pale barabarani, ubao wameleta wao, maandishi yangu. Niliuliza niandike nini, kijana wa kamati akasema, "Boss, si kila mtu anajua? Andika Kwa Etyang."

Nilikuwepo kwenye baraza. Nilimsikia kwa masikio yangu. Na bado nikajiambia, Mkunga atafurahi akiona. Nikajiambia, si ni sifa, jina la mwanawe barabara kuu, malori yote ya kwenda Uganda yatalisoma. Nikaandika kwa uangalifu kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Rangi ya kijani ilikuwa imeniishia, nikatumia iliyobaki. Nyeupe chini, nyeusi juu. Nikaupigilia ubao kwenye nguzo, nikarudi nyuma kuutazama, na sikuona kitu. Mtu anayeandika misalaba kila wiki hakuona!

Yeye aliona kutoka mbali. Alikuwa anatoka zahanati kwa miguu. Hakujua kusoma, lakini herufi za jina lile alizijua, kwa sababu Etyang alikuwa amezikwaruza kwenye mlango wake utotoni. Alikuja mpaka nilipokuwa naosha brashi. Akasimama mbele ya nguzo ile, chini ni udongo mwekundu uliochimbuliwa upya, na juu ni ubao mweupe wenye jina jeusi.

"Rangi."

"Kukhu."

"Umezika nani hapa?"

Ndipo nilipoona.

"Nakuuliza. Nani amekuambia uzike mtoto yangu kwa barabara?"

Nilianza kusema kamati, nikasema baraza, nikasema chifu. Aliningoja nimalize yote. Halafu akafanya jambo ambalo afadhali angenipiga kofi: alivua leso yake ya mabegani, akaifunga juu ya ubao, akaufunika, kama tunavyofunika uso wa maiti. Akaenda zake bila leso, jua kali, mabega wazi.

Jioni ile leso ilikuwa imeondolewa.

Nilijaribu kurekebisha. Nilikwenda na kopo la rangi nikafuta jina, vijana wa boda wakanizunguka, "Mzee, unafanya nini bana? Abiria watajuaje hapa ni wapi?" Nikafuta tena mwezi uliofuata, na juma lile kikaletwa kibao cha chuma, kimeandikwa kwa mashine, huwezi kukifuta hata na msasa. Na kibao kimoja ni kitu gani? Nikitembea mjini nilikuwa nasoma mkono wangu mwenyewe kila mahali. Bucha ya Kwa Etyang. Kinyozi Kwa Etyang. Kwa Etyang Baa na Malazi. Nilikuwa nimelipwa kwa kila moja, nimekula, nimelala usingizi. Mwanawe alikuwa kwenye kila ukuta isipokuwa ule wa nyumba yao.

Miaka ikapita hivyo. Hakunifukuza. Nilikuwa naenda kumpasulia kuni, ananipa chai, tunaongea habari za watu, na vijana wakiita barabarani anageuza shingo. Hatukulizungumzia tena hata mara moja. Nilitaka kuomba msamaha na kila mara nilijikuta naomba sukari.

Mwaka jana, siku za palizi, aliniita. Macho yake yalikuwa yamepata ukungu, anamwona mtu kama kivuli tu. Mikono ilikuwa ileile. Nikakuta sabuni na maji moto, akaniambia ninawe. Mimi, mchora vibao! Nikanawa mpaka kwenye kiwiko.

Mlango wa zamani ulikuwa umelazwa uwanjani, ule wenye herufi za utotoni. Ulikuwa umepasuliwa mbao mbili, moja ndefu, moja fupi. Kando yake kulikuwa na chungu kidogo kimejaa udongo mwekundu, na shimo dogo lililochimbwa kando ya nyumba, mahali ambapo mwana wa kiume huzikwa. Shimo la kiasi cha chungu. Binti yake alikuwepo, ameketi chini.

"Nimechoka, Rangi," akasema. Nikakumbuka siku ya sita pale shimoni, yeye ndiye aliyetuambia sisi neno hilo. "Nitakufa mimi, na nani ataenda kumpelekea ajono? Udongo nimechota mwenyewe kule. Sasa niandikie msalaba."

Nilipigilia mbao. Nikapaka nyeupe, nikasubiri ikauke, nikafungua nyeusi.

"Naandika Etyang," nikasema. Nilikuwa nafikiri hatimaye nitaliandika mahali pake.

"Hapana."

"Kukhu, ni jina lake."

"Ilikuwa yake. Sasa ni ya steji. Ukiandika hiyo, watu watapita hapa wafikirie nimezika soko."

Binti yake akainua uso. "Mama, lakini sasa ana kaburi. Si tunaweza kumpa mtoto?"

Mkunga akamgeukia. "Mtoto ataitwa shuleni, na wenzake watacheka. Nilingoja sana, mwanangu. Nilifikiria wakichoka watairudisha." Akapangusa macho kwa sehemu ya nyuma ya mkono, ili kiganja kibaki safi. Ni mara ya pekee niliyomwona akilia, na nililia naye, sikujizuia.

"Niandike nini, kukhu?"

"Andika mtoto yangu."

Nikaandika hivyo alivyosema. MTOTO YANGU. Hakuna siku, hakuna mwaka. Nikaweka brashi chini, na maneno niliyoyabeba miaka yote yakatoka hovyo: kwamba nilivuta zile ndoo, kwamba nilijua zimebadilika, kwamba nilikuwepo barazani, anisamehe. Alisikiliza akiwa ameelekeza sikio.

"Najua," akasema. "Mimi si nilikuwa hapo? Shika huo mwisho."

Tukausimamisha. Chungu kikashushwa, binti yake akafukia kwa mikono. Mkunga akaagiza ajono, akachovya kidole, akakigusisha kwenye ubao, pale juu, akataja jina la babu. Akangoja. Akachovya tena, akataja la baba wa babu. Alikwenda hivyo, jina moja baada ya jingine, polepole, kwa utaratibu wake wote, na kila mara anangoja. Mwishoni akachovya mara ya mwisho, akainamia ubao, na akataja la mwanawe. Sikuwahi kulisikia kinywani mwake tangu siku ya ndoo. Alilitaja kwa sauti ndogo, akabaki na kidole pale kwenye ubao mpaka kikakauka.

Halafu akakaa, akavuta karai la viazi, akachukua kisu.

Barabarani boda ikapiga honi. "Kwa Etyang! Mmoja, mmoja wa Kwa Etyang, twende!"

Kisu kikaendelea kumenya. Aliyegeuza shingo kutazama njia ni mimi.